Kupaka Rangi Upya Chumba cha Nyumba ya Tabora kwa Makopo Mawili

Anayetaka kupaka rangi upya nyumba yake mjini Tabora kwa fedha kidogo aupapase ukuta kabla hajakwenda dukani. Kiganja kikitoka na unga mweupe, ukuta huo una chokaa iliyochoka, na rangi ya maji itakayopakwa juu yake, hata iwe ya bei kubwa kiasi gani, itabanduka pamoja na unga huo. Chokaa ya namna hiyo hukwanguliwa, ukuta ukasuguliwa kwa brashi ngumu na maji, ukaachwa ukauke, kisha ukapakwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha ile ya juu. Kazi hii hugharimu jasho zaidi ya fedha, nayo ndiyo ambayo fundi anayelipwa kwa chumba hupenda kuiruka. Ni afadhali mwenye nyumba aifanye mwenyewe. Milango na madirisha yenye rangi ya mafuta ya zamani yasuguliwe kwa msasa uliolowanishwa, watoto wakiwa mbali, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.

Jambo la pili ni unyevu. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma hunyonya maji kutoka ardhini, na dalili yake ni chumvi nyeupe na lipu inayovimba karibu na sakafu. Ukuta wa namna hiyo ukipakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa kiuno, kama tulivyozoea ili kuficha vumbi jekundu, unyevu hukosa pa kutokea na rangi hutoa malengelenge. Yaelekeze kwanza maji ya paa mbali na msingi, usubiri kiangazi, yaani kati ya Juni na Septemba, na kama sehemu hiyo bado haijakauka, ipake chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue. Hapa kilicho rahisi ndicho bora.

Hesabu ya rangi si ngumu. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 chenye kuta za mita 2.7 kina takribani mita za mraba 32, ukiondoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, hivyo makoti mawili, yaani kupaka mara mbili, yanahitaji lita 6 na nusu hivi: makopo mawili ya lita 4. Ukuta wenye lipu ya mkwaruzo hunywa zaidi. Ukinunua nyeupe na kuikoleza mwenyewe, koroga ya chumba kizima kwa pamoja, maana rangi ya kopo la pili haifanani kamwe na ya kwanza.

Anza na dari, kisha kuta, milango iwe mwisho. Pembe hupakwa kwa brashi na sehemu pana kwa rola, na koti la pili lisubiri la kwanza likauke. Upepo wa Julai hubeba vumbi, kwa hiyo nyunyizia uwanja maji asubuhi na umalize kabla ya adhuhuri.

Kinachobaki kimiminwe kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Kitahitajika karibu na swichi ya taa, ambapo mikono hupapasa kila jioni.