Kulipia leseni ya boti ya uokoaji ya klabu kwenye mto Thames

Mimi ni mweka hazina wa klabu ya kupiga makasia, na jambo la kwanza ninalomwambia mwenzangu anayeanza kazi hii ni kwamba ada ya boti ya uokoaji iwe na fungu lake kwenye bajeti. Ukiichanganya na matengenezo, fungu litaliwa na makasia yaliyovunjika, siku ya leseni ifike hamna kitu, na boti ibaki nchi kavu huku watoto wako majini. Afadhali mazoezi yafutwe.

Jua kwanza mko kipande gani cha mto. Kuanzia Cricklade hadi Teddington msimamizi ni Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira wa England, na ndiko boti husajiliwa. Kutoka Teddington kuelekea baharini, maji hujaa na kupwa, na hapo anayesimamia ni Port of London Authority kwa kanuni zake. Klabu inayovuka mpaka huo isidhani karatasi ya upande mmoja inatosha kote.

Halafu pimeni boti. Upande wa Environment Agency boti ya injini hulipiwa kwa eneo lake, yaani urefu mara upana, kwa hiyo kipimo cha kukisia ni hela. Ikiwa juu ya trela, watu wawili washike futi kamba, mmoja mbele na mmoja nyuma, waivute ikaze bila kufuata mpindo wa ubavu. Upana upimwe pale boti ilipotanuka zaidi, ambapo mara nyingi si kwenye kiti cha dereva. Boti ya mita 4.2 kwa 1.6 ni mita za mraba 6.72. Ukiikisia kuwa 4.5 kwa 1.8, unapata 8.1, na namba hiyo itanakiliwa kwenye fomu mwaka hadi mwaka kwa sababu hakuna anayerudi kupima.

Kinachosajiliwa ni boti, si injini. Kuhamisha injini kutoka boti yenye leseni kwenda isiyo nayo hakuhamishi leseni. Wala kadi ya uanachama wa Paddle UK, chama cha wapiga kafi cha Uingereza, haisaidii hapa. Hiyo hufunika vyombo vya kupiga kafi visivyo na injini. Mkiazima boti kwa ajili ya mashindano ya siku moja, ombeni usajili wa muda mfupi badala ya kulipia mwaka mzima.

Kuhusu nani alipe, msimamo wangu ni mkali: wanachama wote. Kuna klabu zinazowatoza vijana peke yao kwa kuwa wao ndio husindikizwa na boti kila mara, lakini mtu mzima akipinduka kwenye maji baridi huokolewa na boti hiyo hiyo.

Mwambieni dereva pia kwamba leseni si ruhusa ya mwendo. Kikomo juu ya Teddington ni kilomita 8 kwa saa, na mtumbwi wa mashindano wa watu wanane huupita mwendo huo kirahisi. Suala la boti ya uokoaji kuufuatilia mtumbwi huo lizungumzwe na Environment Agency kabla msimu haujaanza.

Malipo yakishapita, hakikisha namba ya usajili inaonekana ubavuni, na nakala ya risiti ikae ofisini pamoja na karatasi za bima.