Mama mzee akitajwa mchawi: la kufanya kabla ya giza kuingia

Nilifundisha historia mjini Kisumu kwa miaka 26. Nilipostaafu nilirudi nyumbani Kisii, na watu wakanichagua mzee wa kijiji ingawa mimi ni mwanamke. Mwongozo huu ni wa yeyote aliye na mama, shangazi au jirani mkongwe anayeishi peke yake. Mei 2008 watu 11 waliteketezwa kwa moto hapa Kisii kwa kudaiwa ni wachawi, wengi wao wakongwe. Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa kule Marani, humu humu Kisii, kwa madai hayo hayo. Bado najiuliza majirani waliosikia mapema walikuwa wakingoja nini.

Kwa hiyo naanza na saa. Jina la mzee likishatamkwa sokoni, au likiandikwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji, usiseme utalishughulikia kesho. Mtoe kabla ya jua kutua. Vijana wa stegi, kituo cha bodaboda, wakinyamaza unapopita, au ndizi zake zikianza kuivia mkekani bila mnunuzi, ujue neno limeshaenea. Mbebee dawa zake, kitambulisho na hati ya shamba, maana nyumba ikichomwa hati nayo imekwenda, na kuna mtu anayeingojea iende. Usimpandishe boda ya stegi ya hapo hapo. Mpeleke kwa jamaa aliye mbali, wala si kwa binti aliyeolewa kijiji cha pili, kwa sababu huko ndiko watakakomtafuta kwanza.

Mwaka 2019 nilimtoa jirani yangu, mjane wa miaka 74. Sisi sote humwita Magokoro, yaani nyanya. Kijana wa miaka 14 alikuwa ameanguka mbele ya lango lake akitetemeka, povu likimtoka. Siku ya tatu akaanguka tena. Kufikia jioni wasichana watatu wa darasa lake nao walikuwa wakilia na kujirusha chini, wakisema wamemwona Magokoro amesimama juu ya vitanda vyao usiku.

Hapo nikaikumbuka Salem, kijiji cha Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, kule Massachusetts, wakati Marekani ya leo ilikuwa bado koloni la Uingereza. Januari 1692 Betty Parris wa miaka 9 na binamu yake Abigail Williams wa miaka 11 walianza kupiga kelele na kujikunja nyumbani kwa mchungaji. Daktari akasema ni mkono wa shetani, watu wazima wakawauliza watoto, “Nani anawatesa?” Swali hilo ndilo lililoua watu. Mtoto anayeulizwa “nani” na watu wazima waliojaa hofu atatafuta jina. Walioanza kutajwa walikuwa Tituba, mtumwa wa nyumba ile, Sarah Good, aliyekuwa akiombaomba, na Sarah Osborne, mgonjwa aliyekuwa haonekani tena kanisani.

Basi swali la “nani” lizuie lisiulizwe kabisa. Uliza: uliona nini, saa ngapi, taa ilikuwa inawaka, nani mwingine alikuwepo? Uliza taratibu, mtoto mmoja mmoja, mama yake akiwa kando, na uandike majibu kwenye daftari. Wale wasichana wetu watatu walitoa saa tatu tofauti. Sikuwaambia kwamba wanadanganya, na wewe usimwambie mtoto hivyo, kwa sababu hadanganyi. Mwili wake umeshikwa na hofu na anaumia kweli. Oktoba 2023 wasichana zaidi ya 90 wa shule ya Eregi, Kakamega, walilazwa hospitalini, miguu ikiwakataa kutembea, na maafisa wa afya wakasema inaelekea ni hofu iliyowaambukiza kwa pamoja. Dawa yake ni kuwatenganisha. Kila mmoja abaki kwao, wageni wasijae chumbani, pasiwe na maombi ya kelele juu ya kichwa chake. Hata Betty Parris alihamishwa kwenda kukaa na familia nyingine, mbali na wenzake, na baadaye akapoa. Aliyeanguka kwanza apelekwe hospitali siku ile ile. Kijana wetu alionekana ana kifafa, akaanzishiwa dawa.

Jambo la pili ambalo singetaka ulikosee: usikubali mzee ahojiwe barazani. Najua watu wema watasema aje ajitetee mbele ya wote ili yaishe. Rebecca Nurse wa Salem alikuwa na miaka 71, mcha Mungu, na majirani 39 walitia sahihi kumtetea. Baraza la mahakama, yaani raia waliochaguliwa kuamua kesi, likasema hana hatia. Watoto waliodai kuteswa wakapiga mayowe, na jaji mkuu William Stoughton akawataka wazee wa baraza wayafikirie tena maneno fulani aliyoyasema yule mama. Walipomuuliza maana yake hakujibu, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito na hakusikia swali. Kimya chake kikageuzwa ushahidi. Alinyongwa tarehe 19 Julai. Nilipokuwa nikifundisha somo hilo sauti yangu ilikuwa ikikatika hapo, na siku ile nilipomtazama Magokoro, ambaye lazima umshike bega ndipo ajue unamwongelesha, nilijua sitampeleka mbele ya umati wowote.

Tena mahakama ile ilipokea ushahidi wa kivuli: mtoto akisema umbo la fulani linamfinya, ingawa hakuna mwingine aliyeliona, lilihesabiwa. Mtu hawezi kuthibitisha kwamba kivuli chake hakikwenda mahali. Usipoteze usiku mzima kubishana kama uchawi upo au haupo, hutawashinda. Kazi yako ni kupata muda. Na mwonye mzee asikiri chochote ili aachwe. Salem waliokiri waliepuka kamba na waliokana ndio walionyongwa, lakini kwetu mtu akisema “nisameheni, nitamwondolea” amewapa vijana kiberiti.

Sasa polisi. Mara ya kwanza niliambiwa kaunta kwamba mambo ya uchawi hayaandikwi pale. Nikabadilisha maneno: nimekuja kuripoti watu waliotishia kuua na kuchoma nyumba, na haya ni majina yao na ujumbe waliotuma. Iliandikwa, nikapewa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Fanya hivyo hivyo, kisha mpe chifu nambari hiyo mkononi. Mkumbushe pia kwamba Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyopo tangu 1925, inafanya kumshutumu mtu kuwa mchawi kuwa kosa lenye kifungo. Vijana wengi hawajui kwamba mtajaji ndiye anayeweza kufungwa.

Mwambie chifu faraghani pia kuhusu shamba. Huko Salem kulikuwa na ugomvi wa miaka mingi wa mipaka, mshahara na kuni za mchungaji ambazo wengi walikataa kutoa, na wakimbizi wa vita kutoka kaskazini wakileta hofu yao. Kwetu palikuwa na robo ekari kando ya mto iliyogombaniwa. Usiitaje hadharani, maana utamwaibisha mtu ambaye unahitaji atulie.

Mchungaji au padri mwendee usiku huo huo. Wachungaji walisaidia kuwasha moto wa Salem, na baadhi yao wakasaidia kuuzima. Oktoba 1692 Increase Mather, mchungaji maarufu wa Boston, alisema ni afadhali washukiwa kumi waponyoke kuliko mmoja asiye na hatia kuhukumiwa. Mwezi huo gavana akaivunja ile mahakama. Watu 19 walikuwa wameshanyongwa, mzee Giles Corey amekandamizwa kwa mawe mpaka akafa, na wengine wasiopungua watano wamefia gerezani. Mchungaji wetu niliyemwamsha saa nne usiku alikwenda kulala kwenye nyumba ya Magokoro, na haikuguswa.

Usiharakishe kumrudisha. Magokoro alikaa Nakuru kwa mjukuu wake miezi mitano. Aliporudi tuligawana zamu, watu sita, tukawa tunakaa naye uani mchana ili tuonekane, na mimi nilikuwa nanunua ndizi zake sokoni watu wakitazama. Usidai watu waombe msamaha upesi. Jaji Samuel Sewall wa mahakama ile ya Salem alisimama kanisani kukubali kosa lake mwaka 1697, na Ann Putnam, aliyekuwa mmoja wa wale watoto, mwaka 1706, miaka 14 baadaye.

Kwetu baba ya yule kijana alikuja jioni moja na nyundo na misumari, akaurudishia ua aliokuwa ameuvunja. Hakusema lolote. Magokoro alimwekea kikombe cha chai juu ya kigoda, chai ambayo tangu jina lake litajwe wengi hawakuthubutu kuinywa katika boma lile. Yule baba aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaketi, akanywa, akaomba aongezewe.