Una meseji 500 tu? Wacha modeli ikubali haijui

Tuseme unataka programu itenganishe meseji za matapeli, za matangazo na za kawaida, na umeokota kama 500 hivi kwa simu za watu wako hapa Nairobi, nusu Kiswahili nusu Sheng. Zinatosha kuanza, shida ni modeli (ile programu inayojifunza kwa mifano) kukujibu kwa kiburi hata pale inabahatisha.

Kwanza ondoa nakala. Ile ya "nimekutumia pesa kimakosa tafadhali rudisha" inazunguka ikibadilishwa jina na kiasi tu, sasa moja ikiingia kwa mafunzo na nyingine kwa majaribio utapata alama za bure ushangilie bure. Bakisha moja.

Modeli yenyewe usijisumbue, logistiki rigresheni (hesabu rahisi inayotoa uwezekano wa kila lebo, yaani tapeli, tangazo ama kawaida) juu ya vipande vya herufi tatu mpaka tano iko sawa, haitishwi na mtu ameandika "2ma" badala ya "tuma".

Kazi iko hapa. Kabla ya kufundisha weka kando meseji 99 zenye lebo, modeli isizione kabisa. Ukimaliza, ipe hizo 99, na kwa kila moja chukua 1 utoe uwezekano iliyoipa lebo ya kweli. Panga namba hizo kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya 90. Kama ni 0.62, basi meseji mpya ikija kila lebo yenye uwezekano wake umefika 0.38 (1 toa 0.62) inaingia kwa jibu. Ikiingia moja, endelea. Zikiwa mbili, ama isiingie hata moja, mtu aisome. Lebo ya kweli itakuwa ndani angalau mara 90 kwa 100, kwa wastani. Hii inaitwa konfomo prediksheni, Vladimir Vovk na wenzake waliianza miaka ya 1990, na haijali modeli yako ni gani.

Lakini hapo kwa "wastani" chunga sana. Matapeli wakiwa wachache, makosa yote yanaweza kuwaangukia wao na hesabu bado ionekane safi, kwa hivyo mimi ningepanga namba za kila lebo kivyake. Kwa zile ulizoweka kando, kila lebo iwe na angalau meseji 9 ukitaka asilimia 90, au 19 ukitaka 95, ingawa ukikaa hapo chini kabisa majibu yatakuwa mapana, yaani lebo nyingi kwa meseji moja.

Na hizo 99 zifanane na zenye zinaingia leo. Sheng inageuka haraka bana, majibu matupu (yenye haijaingia lebo yoyote) yakianza kuongezeka tafuta meseji mpya, ziwekee lebo, urudie kupanga.