Kiwanda ng'ambo ya mto: namna ya kukusanya ushahidi wa uchafuzi unaovuka mpaka

Mwaka 2006 Argentina iliifikisha Uruguay mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kuhusu viwanda vya rojo la kutengenezea karatasi vilivyopangwa kujengwa Fray Bentos, ukingoni mwa mto Uruguay ambao ndio mpaka wao. ENCE ya Hispania iliachana na eneo hilo. Botnia ya Finland ilijenga, ikaanza uzalishaji Novemba 2007. Ng'ambo, watu wa Gualeguaychú, mji wa Argentina, walifunga daraja la mpakani kwa zaidi ya miaka mitatu. Hukumu ilitoka tarehe 20 Aprili 2010: Uruguay ilikosea kwa kutoitaarifu mapema tume ya pamoja ya mto, CARU, ila madai ya uchafuzi hayakuthibitishwa. Kiwanda kikaendelea na kazi. Wanaoishi kando ya Mara, Kagera au Ruvuma wana la kuchukua hapo, na tunalieleza kwa vitendo.

Anzeni kupima kabla mitambo haijawashwa. Mnahitaji angalau mwaka mzima, upite masika, vuli na kiangazi. The Hague, suala la fosforasi, kirutubisho kinachostawisha mwani, lilikwama hapa: mto ulikuwa unapokea kama tani 19,000 kwa mwaka kutoka vyanzo vyote, na sehemu ya kiwanda ilitajwa kuwa tani 15 hivi. Mwani ulipotapakaa Februari 2009, mahakama haikuona uthibitisho wa kuufunga na kiwanda. Asiye na vipimo vya awali hawezi kutenganisha uchafu wa kiwanda na mbolea ya mashambani au maji taka ya mji.

Wekeni vituo visivyopungua vitatu. Kimoja juu ya kiwanda, upande mkondo unakotoka, kimoja chini yake mahali ambapo maji yameshachanganyika upana wote wa mto, na kingine mbali zaidi. Maji machafu hung'ang'ania ukingo yalikotokea kwa umbali mrefu. Ukichota karibu na bomba, upande mmoja utaonyesha sumu tele na wa pili hakuna kitu, na kila nchi itashika namba yake. Andikeni alama za GPS, mrudi palepale kila mara.

Kuchota. Elekea mkondo unakotoka, zamisha chupa sentimita 20 hadi 30, mdomo ukiukabili mkondo. Suuza mara tatu kwa maji ya mto kwanza, isipokuwa chupa ya vipimo vya mafuta, iliyotiwa dawa ya kuhifadhi, au iliyotakaswa kwa vipimo vya vijidudu. Kwenye mamba na viboko usiingie majini hata kidogo: tumia mtumbwi, au ndoo na kamba kutoka darajani. Maji ya kupimwa metali huwekwa kwenye chupa ya plastiki yenye asidi ya nitriki. Ya kemikali za mafuta na dioksini (sumu ya klorini inayodumu) kwenye chupa ya kioo ya kahawia. Chupa ya fosforasi isioshwe kwa sabuni ya unga, maana sabuni nyingi zina fosfeti na jibu litakuwa la sabuni. Oksijeni iliyoyeyuka, joto na pH (kipimo cha uasidi) hupimwa hapohapo. Yanayobaki yawekwe kwenye barafu, na vijidudu vifike maabara ndani ya saa 6. Kila safari beba pia chupa ya maji safi ya maabara, ifunguliwe na kufungwa mtoni: ikionyesha uchafu, tatizo liko kwenye uchotaji wenu.

Pimeni na wingi wa maji. Hatua hii husahaulika kuliko zote, nayo ndiyo inayobeba kesi. Tupa chungwa mtoni, lihesabie muda kwa mita 10. Likitumia sekunde 20, kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85 kwa kuwa chini maji huenda polepole. Mto wa upana wa mita 20 na kina cha wastani cha mita 1 utakuwa unapitisha mita za ujazo 8.5 kwa sekunde. Fosforasi ikipanda kutoka miligramu 0.05 hadi 0.08 kwa lita, na hakuna kijito kilichoingia katikati, zidisha 0.03 × 8.5 × 86.4 (namba ya kugeuza gramu kwa sekunde kuwa kilo kwa siku): kilo 22 kwa siku. Hiyo ndiyo namba ya kuiuliza kampuni.

Lindeni chupa. Lebo ya wino usiofutika, saa, jina la kituo, saini ya kila aliyeipokea. Mchote pamoja na wenzenu wa ng'ambo, mgawane chupa, mpeleke maabara yenye ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo.

Muda. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, inapokea shauri ndani ya miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au ukijue. Kesi ya asasi za kiraia dhidi ya bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga iliyofunguliwa Novemba 2020 ilitupwa Novemba 2023 kwa kuchelewa, hoja za mazingira zikiwa hazijasikilizwa. Hesabuni siku tangu mkataba unaposainiwa, wala msingoje moshi.

Mkopeshaji na ajira. Botnia ilikopeshwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, na malalamiko ya wakazi yalifika kwa msuluhishi wa taasisi hiyo tangu 2005, kabla ya mkopo kuidhinishwa. Njia hiyo iko wazi kwa wanakijiji bila wakili. Mkiandika, msiguse kijuujuu ajira ambazo kiwanda kinaahidi. Dai namba za vibarua wa ujenzi mbali na za wafanyakazi wa kudumu, na mweke mezani wavuvi wangapi wanategemea mto huohuo, pande zote mbili.