Urea hufukiwa, haimwagwi

Kila msimu nakuta jambo lilelile. Mkulima kahangaika hadi kapata mbolea, kapalilia vizuri, mahindi yamesimama, halafu anakumbatia ndoo na kutembea katikati ya mistari akirusha urea kama anayelisha kuku. Saa sita mchana, udongo una unyevu wa manyunyu ya jana, upepo unavuma. Punje nyeupe zinabaki juu ya ardhi, nyingine zimetumbukia kwenye moyo wa mche na kesho zitaunguza majani. Namuuliza atazifukia lini. Ananijibu, "Mvua itafukia, bwana shamba." Mvua inakawia siku sita. Ikija, sehemu ya kilichomwagwa imesharuka hewani.

Kupanda na kupalilia mnakujua, sitawachosha. Nataka kusema na wanaomwaga.

Asiyeamini kwamba mbolea inaruka afanye jaribio hili. Chukua mitungi miwili ya kioo yenye mifuniko. Wa kwanza ujaze udongo wenye unyevu hadi nusu, kisha tawanya juu yake kijiko kimoja cha chai cha urea. Katika wa pili weka udongo kidogo chini, tia kijiko kilekile, kisha fukia kwa sm 7 za udongo. Funika yote miwili, iache mahali penye joto, kivulini. Siku ya tatu fungua. Ule wa kwanza utakupiga pua kwa harufu ya zizi la mbuzi lililofungwa usiku kucha, kwa hiyo usiinamishe uso juu yake. Wa pili utanuka udongo, au harufu hafifu tu. Ile harufu kali ni amonia, na amonia ndiyo nitrojeni yako, kile chakula cha mmea ulichonunulia urea, inayoondoka.

Kwenye udongo, na zaidi kwenye masalia ya mimea, kuna kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha uvunjaji, kiitwacho yurease. Punje ikilowa tu, yurease huivunja urea ikawa amonia na hewa ya ukaa, na ule udongo unaoizunguka punje pH yake (kipimo cha tindikali, kinachopanda tindikali ikipungua) hupanda hadi 8 au 9, hata kama shamba zima lina udongo wenye tindikali. Katika udongo wenye joto kazi hiyo humalizika kwa siku chache. Amonia ikitokea chini, hunaswa na maji na chembe za mfinyanzi. Ikitokea juu, haina cha kuishika. Umande unatosha kuiyeyusha urea, lakini hautoshi kuizamisha, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaona punje zimetoweka asubuhi, wanadhani zimeingia ardhini.

Hasara iliyopimwa kwa urea iliyoachwa juu ni kati ya asilimia 10 na 40 ya nitrojeni, kutegemea joto, upepo, unyevu na aina ya udongo. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Ikipotea asilimia 30, ni kama kilo 15 za urea. Mtu akichota kilo 15 kwenye mfuko wako mchana kweupe utapiga yowe. Hewa ikichota, unasema mbolea ya mwaka huu ni feki.

Kuna wanaoniambia, "Mambo ya joto la dunia ni ya viwanda na magari, sisi tumefanya nini?" Hawajakosea sana. Sehemu kubwa ya joto hili inatokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na mkulima anayetia mfuko mmoja shambani si mshtakiwa wa kwanza. Wapo hata wanaotia kidogo mno, na hao siwaambii waache. Lakini nitrojeni ina hesabu yake. Amonia iliyoruka hushuka kwenye udongo na maji mengine, na sehemu yake, pamoja na nitrojeni iliyozidi mahitaji ya mmea, hupitia kwa bakteria na kutoka ikiwa gesi nyingine: naitrasi oksaidi. Kilo moja ya gesi hiyo, kwa kipindi cha miaka 100, huongeza joto sawa na kilo 273 za hewa ya ukaa, na hukaa angani zaidi ya karne moja. Mwaka 1750 ilikuwa kama sehemu 270 katika kila bilioni za hewa. Sasa imepita 335. Karibu robo tatu ya ile inayotokana na shughuli za binadamu hutoka kwenye kilimo, kwa mbolea za viwandani na samadi.

Turudi kwenye mfuko wako. Kwa kadirio la kawaida, asilimia 1 ya nitrojeni iliyotiwa shambani hutoka ikiwa naitrasi oksaidi. Kwa kilo 23 hiyo ni gramu 360 hivi za gesi, kitu ambacho ungekibeba kwa mkono mmoja, lakini kwa joto ni sawa na kilo 99 za hewa ya ukaa. Ongeza kilo 37 za hewa ya ukaa zinazotoka urea inapovunjika tu. Bado sijahesabu kiwandani. Tangu kiwanda cha kwanza cha amonia kilipoanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, nitrojeni ya hewani hulazimishwa kuungana na hidrojeni kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, na hidrojeni hiyo leo hupatikana zaidi kutoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Halafu yote hayo yakishafanyika, mtu anaiacha juani.

Na joto hilo linarudi shambani. Muongo wa 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.1 kuliko miaka ya 1850 hadi 1900, na mwaka 2024 peke yake ulipita nyuzi 1.5. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Ndiyo maana mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa, na katikati yake jua linakausha ardhi haraka. Kwa mbolea ya kukuzia hali hiyo ni mbaya pande zote mbili. Siku za jua zinairusha amonia. Mvua ya kishindo inasomba nitrati, ile nitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, na kuujaza udongo maji, bakteria wanakosa hewa, na hapo naitrasi oksaidi hutoka kwa wingi. Kumwaga na kuomba mvua ilikuwa kamari tangu zamani. Sasa mnaicheza na mpinzani mliyemwongezea nguvu wenyewe.

Sasa vipimo, na naomba rula.

Chimba sm 10 hadi 15 kutoka kwenye shina, kina cha sm 5 hadi 8. Pima kidole chako cha shahada kwa rula, jua sm 5 inafika kiungo gani, basi unatembea na kipimo mkononi. Sentimita mbili si kufukia, ni kupaka vumbi. Usiiweke ikigusa shina, utaunguza mizizi. Shamba likiwa na mteremko, shimo liwe upande wa juu wa mmea. Tia, rudishia udongo, kandamiza kwa unyayo, nenda mbele. Wawili hufanya kazi nzuri, mmoja anachimba, wa pili anatia na kufukia. Nimewaona wanaotia mistari kumi kwanza wakidhani watarudi kufukia baada ya chakula. Hawarudi mpaka jioni, na wengine hawarudi kabisa.

Kiasi nacho kina maneno. Tuseme ulichoshauriwa ni kilo 100 za urea kwa hekta kwa mkupuo mmoja, nawe umepanda sm 75 kwa sm 60, mimea miwili kila shimo. Hekta ina mashimo 22,222, kwa hiyo kila shimo lipate gramu 4.5. Ukipendelea kifereji kando ya mstari, ni gramu 7.5 kwa kila mita. Msiniambie "kifuniko kimoja cha soda" bila kukipima. Mmoja anajaza kwa kusawazisha, mwingine anajaza kichuguu, tofauti yake ni kubwa. Jaza kifuniko chako mara 20, kila mara ukikisawazisha kwa ubapa wa kisu, pima zote kwenye mizani, gawa kwa 20. Ikizidi gramu 4.5, tafuta kifuniko kidogo zaidi au kikate. Kuzidisha hakusaidii mmea: nitrojeni ikishapita mahitaji yake, naitrasi oksaidi huongezeka kwa kasi kuliko mbolea uliyoongeza.

Wakati. Hapa nina kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa naandika ubaoni "wiki ya nne" na watu wanaandika madaftarini. Wiki haziaminiki, kwa sababu joto likipanda mahindi hutoa majani haraka zaidi, na wiki ya nne ya msimu wa joto si wiki ya nne ya msimu wa baridi. Hesabuni majani. Jani lililokamilika lina kola, ule mstari unaoonekana pale linapojitenga na shina. Anza kuhesabu na lile la chini kabisa lenye ncha ya mviringo, na hata kama limeshakauka, lihesabu. Mkupuo wa kwanza ni kwenye kola ya 6. Wa pili ni kati ya kola ya 10 na ya 12, kabla ya mbelewele. Kabla ya kola ya 6 mmea umekula sehemu ndogo sana ya nitrojeni yake yote, kwa hiyo anayetia urea yote siku ya kupanda anawalisha bakteria.

Siku yenyewe utaijua kwa ngumi. Chota udongo wa kina cha sm 10, ufinyange. Ukichuruzika maji, subiri hata kama majirani wanatia. Ukimomonyoka wote kama unga, subiri pia. Ukishikamana bila kulowesha kiganja, tia.

Wanaotumia matandazo wasikilize zaidi kuliko wengine wote. Yurease ni nyingi kwenye mabua kuliko kwenye udongo mtupu, kwa hiyo urea iliyorushwa juu ya matandazo hupotea vibaya zaidi. Sogeza matandazo, chimba, fukia, rudisha. Na tafadhali, majivu au chokaa visikae karibu na urea. Nimekuta mtu amechanganya majivu na urea kwenye ndoo moja ili "iongezeke." Ndoo ilikuwa inanuka kabla hajafika shambani.

CAN, ile mbolea nyingine ya kukuzia, hairuki kama urea, lakini nusu ya nitrojeni yake ni nitrati inayosombwa na maji upesi, hivyo nayo isubiri kola na ngumi. Samadi ifukiwe siku hiyohiyo inayotolewa.

Ukifanya hivi, majani ya chini hayataonyesha ule umanjano wa umbo la V unaoanzia kwenye ncha, dalili ya njaa ya nitrojeni.

Na aliyekwisha kumwaga jana? Kama una maji ya umwagiliaji, yaachie leo, milimita 15. Weka chombo chenye kuta zilizonyooka shambani, simamisha rula ndani, yakifika 15 funga. Huna maji, pitisha jembe kando ya mistari leo hii, usingoje wingu. Zikishapita siku tano za jua, usirudie kipimo kizima kwa hasira. Subiri kola ya 10 utie mkupuo wa pili kama ulivyopangwa. Mbelewele zikishatoka na ndevu zikaanza kukauka, funga mfuko, utoe hewa, uweke juu ya mbao ili usinyonye unyevu wa sakafu, ukae hadi msimu ujao.