Jinsi ya Kumfuatilia Mloyalisti Mweusi, kutoka Nova Scotia hadi New York ya 1783

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mzee mmoja wa Nova Scotia, nchini Kanada, kumtafuta mhenga wake aliyekuwa miongoni mwa Waloyalisti Weusi, yaani watu waliotoroka utumwa katika makoloni ya Marekani wakakimbilia upande wa Mfalme wa Uingereza, kwa ahadi ya uhuru, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, vya 1775 hadi 1783.

Hatua ya kwanza: anza na walio hai, kisha urudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Hifadhi ya Nyaraka ya Nova Scotia imeweka kwenye intaneti, bila malipo, kumbukumbu za ndoa kuanzia 1864, na za vizazi na vifo za 1864 hadi 1877. Usajili wa vizazi na vifo ulikatika hapo mpaka 1908, kwa hiyo pengo hilo lizibwe kwa vitabu vya ubatizo na sensa. Kabla ya 1864 utategemea ubatizo, wosia na hati za ardhi.

Hatua ya pili: soma daftari liitwalo Book of Negroes, na hapa naomba usiharakishe. Lina majina ya watu Weusi wapatao 3,000 walioondoka New York kwa meli kati ya Aprili na Novemba 1783. Mkataba wa amani uliwakataza Waingereza kuondoka na watumwa wa Wamarekani, lakini kamanda wao, Sir Guy Carleton, alishikilia kwamba waliokwisha kuahidiwa uhuru hawarudishwi, ila wataorodheshwa ili waliowamiliki waweze kudai fidia. Ndiyo maana mtu anaelezwa humo kama mali inavyoelezwa, kwa umri, umbo na jina la aliyemmiliki, na ndiyo maana leo tunajua mengi juu yake.

Chukua mstari wa Harry Washington. Alipanda meli ya L'Abondance, iliyokuwa ikielekea Port Roseway. Umri wake ni miaka 43. Alikuwa mali ya Jenerali George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, naye Harry alimtoroka miaka 7 kabla. Miaka hiyo huhesabiwa kurudi nyuma kutoka 1783, kwa hiyo alitoroka takriban 1776, muda mfupi baada ya Lord Dunmore, gavana wa Virginia, kuwatangazia uhuru watumwa wa waasi mnamo Novemba 1775. Usiitafute Port Roseway kwenye ramani ya leo, kwani ndiyo Shelburne. Umri nao uuchukue kuwa makadirio ya karani.

Mimi nilipoteza siku mbili nzima kwa sababu ya jina la ukoo. Mzee alikuwa na hakika nalo, nami nikawa nalichapa kwa kila tahajia niliyoweza kufikiri, bila kupata kitu. Sasa ninajua kwamba wengine walibaki na jina la bwana wa mwisho, wengine walishika la bwana wa zamani zaidi, wengine walijichagulia lao baadaye, na karani aliandika alichosikia. Mwishowe niliacha jina hilo. Nilichukua majina ya kwanza ya mume, mke na mtoto kutoka orodha ya 1784 ya wakazi wa Birchtown, kijiji cha Waloyalisti Weusi karibu na Shelburne, pamoja na umri wao, nikapunguza mwaka mmoja kwa kila mmoja, kisha nikasoma abiria wa meli moja baada ya nyingine, hadi nikawakuta watatu wamefuatana kwenye ukurasa mmoja. Mume alikuwa na jina jingine kabisa, na mtoto alikuwa ameandikwa kwamba alizaliwa ndani ya eneo lililoshikwa na jeshi la Uingereza, maana yake alizaliwa huru.

Kuwamo daftarini hakumaanishi kwamba mtu alikuwa huru. Tazama kama ametajwa kuwa na cheti cha Jenerali Birch, yaani hati ya jeshi la Uingereza iliyomruhusu kuondoka akiwa huru, na tazama safu inayoonyesha yuko mikononi mwa nani, kwa maana Waloyalisti Weupe nao walisafiri na watumwa wao. Soma picha ya ukurasa wenyewe, wala usitosheke na nakala iliyochapwa upya, ambayo huenda ikaiacha safu hiyo. Miti ya ukoo iliyojazwa na watu wengine mtandaoni siitumii kabisa. Natumia daftari la karatasi na penseli, mstari mmoja kwa kila mtu.

Hatua ya tatu: linganisha na orodha hiyo ya Birchtown, iliyowapanga wakazi kwa makundi chini ya makapteni wao.

Hatua ya nne: hakikisha kama alibaki. Tarehe 15 Januari 1792 meli 15 ziliondoka Halifax na watu karibu 1,200 kwenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone, na Harry Washington alikuwa miongoni mwao. Orodha ya wana Birchtown waliojiandikisha Novemba 1791 inataja mahali mtu alipozaliwa, na kwa baadhi yao karani ameandika Afrika. Isome hata kama mhenga wako hakuondoka, kwa sababu ndugu yake huenda aliondoka. Mzee niliyemsaidia alimkuta humo mtu mwenye jina lile lile la ukoo tulilolikuta kwa mhenga wake katika Book of Negroes.