SOMO: Namna ya kupasha moto betri ya gari la umeme kabla ya kuchaji kwa kasi

Wakuu, habari za baridi. Msimu umeshaingia huku Alberta, Kanada, na swali ni lilelile kutoka kwa kila anayeendesha gari la umeme kwa mara ya kwanza: mbona chaja imeandikwa kilowati 150 lakini inanipa 35? Chaja ni nzima, gari nalo ni zima. Betri ndiyo baridi. Somo hili linaeleza jinsi ya kufika kwenye chaja betri ikiwa imeshapata moto. Nimeliandika hasa kwa wale ambao saa moja iliyopotea ni hela iliyopotea: madereva wa Uber, walezi wa wazee wanaotoka zamu ya usiku, na wanaopanda na kushuka kati ya Edmonton na Calgary kila wiki.

Tuanze na kinachotokea ndani. Kwenye betri ya lithiamu, ioni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) husafiri kutoka upande mmoja kwenda wa pili zikipita kwenye kimiminika kiitwacho elektroliti. Baridi ikizidi, kimiminika hicho huwa kizito kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe, na ioni hupita kwa shida. Ukiisukumia betri umeme mwingi ikiwa katika hali hiyo, ioni hufika kwenye grafiti, yaani upande wa betri unaozipokea wakati wa kuchaji, haraka kuliko grafiti inavyoweza kuzipokea. Zinazokosa nafasi hubaki juu yake na kugeuka tabaka la metali. Sehemu ya lithiamu hiyo hairudi tena kazini, kwa hiyo uwezo wa betri unapungua moja kwa moja, na tabaka likiendelea kukua linaweza kuleta shoti ndani ya seli, yaani vile vipande vidogo vinavyounda betri. Ndiyo maana kompyuta ya gari inaubana umeme. Inalinda kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye gari lako.

Betri nyingi hupokea umeme vizuri zikiwa na nyuzi 25 hadi 45. Gari lililolala nje Edmonton kwenye nyuzi 28 chini ya sifuri liko mbali sana na hapo. Januari moja nilisimama na jirani yangu kwenye chaja alfajiri, gari lake limetoka kwenye maegesho ya nje dakika chache tu. Skrini ilisoma kilowati 31, ikang'ang'ania hapo, ikapanda hadi 34. Akaingia mwenye gari la aina ileile, ametoka barabara kuu ya Calgary, akachomeka chaja ya pembeni: 60, 95, 130, ndani ya muda wa kufuta miwani. Yule wa pili aliondoka akamwacha jirani yangu bado amekaa na blanketi magotini.

Hatua ya 1: Jua gari lako linaweza nini. Tesla waliweka uwezo wa kupasha betri njiani Machi 2019, na wakasema wakati ule kwamba unapunguza muda wa kuchaji kwa wastani wa asilimia 25. Hyundai Ioniq 5 na Kia EV6 nazo zinao, ila inategemea mwaka wa gari; zile za mwanzo zilizouzwa Amerika Kaskazini zilikuja bila huduma hiyo. Ukinunua gari lililotumika, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya gari uitafute mwenyewe kabla hujatoa pesa. Muuzaji asikwambie tu "lina kila kitu". Kwenye baadhi ya magari inabidi uiwashe mara moja kwenye mipangilio, ndipo baadaye ifanye kazi yenyewe.

Hatua ya 2: Ondoka nyumbani na joto la ukutani. Kama una pa kuchomeka usiku, weka saa ya kuondoka kwenye programu ya simu ya gari. Gari litapasha chumba cha abiria, na mengine yatapasha betri pia, kwa umeme wa nyumba badala ya ule uliouhifadhi. Huku Alberta hata wenye magari ya petroli huchomeka hita ya injini usiku, kwa hiyo waya ukutani si jambo geni kwa mwenye nyumba yeyote.

Hatua ya 3: Andika chaja kwenye ramani ya gari lenyewe. Hii ndiyo hatua inayobeba somo zima. Usiandike jina la mji wala mkahawa ulio jirani. Chagua kituo cha kuchaji kasi chenyewe kutoka kwenye orodha ya gari, ili gari lielewe kwamba linakwenda kuchaji. Hapo litaanza kupasha betri kwa wakati unaofaa. Tesla itakuandikia kwenye skrini kwamba betri inaandaliwa. Hyundai na Kia huonyesha alama ndogo ya betri yenye mstari uliojikunja. Usipoona kitu, usidhani linafanya kimyakimya. Rudi uangalie.

Fanya mapema. Tupige hesabu kidogo. Chukua betri ya kilo 450. Kuiongeza joto kwa nyuzi moja kunahitaji takriban kilojuli 450, yaani uniti 0.125 za umeme. Hita ya kilowati 5, kama joto lote lingebaki ndani, ingeipandisha nyuzi 40 kwa saa. Joto lote halibaki, maana upepo wa barabarani unaiba sehemu yake. Kwa hiyo kwenye baridi ya kawaida, nusu saa hadi dakika 45 zinatosha. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, hesabu saa nzima au zaidi. Kama chaja iko dakika kumi kutoka kwako, zunguka ufanye shughuli zako kwanza huku ramani ikiwa imewashwa. Ila fahamu kwamba gari lenyewe huchagua saa ya kuanza, na mengine huchelewa kuanza kama kituo kiko mbali.

Hatua ya 4: Usifike mkavu. Kiangazi, kufika na asilimia 10 ni vizuri, kwa kuwa betri hupokea umeme kwa kasi zaidi ikiwa karibu tupu. Majira ya baridi fika na 20 au 25. Baadhi ya magari hukataa kupasha betri chaji ikishuka chini sana, yanabana kilichobaki kwa ajili ya kukufikisha. Matokeo yake unafika betri ikiwa tupu na baridi kwa pamoja, na hakuna hali mbaya kuliko hiyo. Zaidi ya hapo, baridi kali inaweza kula theluthi moja ya umbali ulioahidiwa au zaidi, na foleni kwenye chaja haitabiriki.

Hatua ya 5: Chomeka papo hapo. Futa theluji kwenye tundu na kwenye plagi, chomeka, ndipo uende kununua chai. Ukiliacha gari dakika ishirini kwanza, joto ulilolilipia linapotea. Tazama namba ya kilowati kwa dakika mbili tatu. Betri yenye joto huonyesha mapema.

Hatua ya 6: Ondoka kwenye asilimia 80, isipokuwa safari yako inadai zaidi. Baada ya hapo umeme huingia polepole kwa gari lolote, na kuna mtu nyuma yako anayepigwa na baridi.

MASWALI YA WANACHAMA

Calgary: Mkuu, asante kwa somo. Mimi naendesha Uber, nakaa ghorofani, sina pa kuchomeka. Gari linalala nje. Hatua ya 2 hainihusu, nifanyeje?

Jibu: Kaka, geuza saa zako. Watu wengi huchaji asubuhi kabla ya kuanza kazi, betri ikiwa imeganda usiku kucha. Wewe chaji usiku unapomaliza kazi. Betri imeshaendeshwa saa nane, ina joto lake, na ramani itaongezea kidogo tu. Lala na asilimia 80, utaamka na pungufu kidogo, lakini utakuwa umekwepa saa nzima ya kusubiri. Kwa asiye na chaja nyumbani, badiliko hili linasaidia kuliko kitufe chochote.

Toronto: Mimi natumia Google Maps ya simu, naionyesha kwenye skrini ya gari. Si ni sawa?

Jibu: Si sawa, dada. Kwa magari mengi ile ni picha ya simu yako tu. Gari halijui unakwenda wapi. Weka chaja kwenye ramani ya gari, halafu kama unapenda sauti ya Google, iwashe simuni uifuate. Kuna magari machache yanayozungumza na ramani ya simu, na mengine yana kitufe cha kupasha kwa mkono. Kama lako lina kitufe, tumia ramani yoyote uitakayo.

Winnipeg: Nina Nissan Leaf ya zamani. Nimetafuta hiyo alama mpaka macho yameuma.

Jibu: Haipo, ndugu yangu. Betri ya Leaf za zamani haina mfumo wa kimiminika wa kuipasha na kuipoza. Ina hita ndogo ya kuizuia isigande kabisa, si ya kuiandaa kwa chaja ya kasi. Kwako dawa ni mbili: panga kuchaji kwa nyumbani kumalizike karibu na saa ya kuondoka, kwa maana kuchaji kwenyewe huleta joto kidogo, na kwenye chaja ya kasi, fika mwisho wa safari ndefu, si mwanzo.

Oslo: Huku wengine wanakanyaga mafuta na kufunga breki mara kwa mara ili betri ipate moto. Inasaidia kweli?

Jibu: "Kukanyaga mafuta" kwenye gari la umeme, hata hivyo nimekuelewa. Inasaidia, maana umeme mwingi ukipita kwenye seli huzalisha joto. Lakini kwenye barabara yenye barafu ni kuhatarisha maisha yako na ya wengine kwa ajili ya nyuzi chache. Mwendo wa kawaida wa barabara kuu pamoja na hita vinatosha. Ninyi Norwei mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na baridi mnayo. Nawaonyesha mfano wenu wale wanaoniambia gari la umeme halifai kwenye theluji.

Edmonton: Je, kupasha betri si kupoteza umeme? Naona asilimia zinashuka hata kabla sijafika.

Jibu: Unatumia uniti mbili hadi tano, pengine zaidi kidogo, kutegemea baridi. Sasa linganisha. Ukitaka kuingiza uniti 40 kwa kilowati 35, utakaa zaidi ya saa moja na dakika tano, huku hita ya chumba nayo ikila. Kwa wastani wa kilowati 120, ni dakika 20. Na bado zipo chaja zinazotoza kwa dakika badala ya uniti. Huko betri baridi inakukamua mara mbili. Ila kama unachaji nyumbani kwa chaja ya volti 240 usiku kucha, usijisumbue kupasha kwa ajili ya kasi. Umeme wa nyumbani ni mdogo, gari litajipangia.

Edmonton tena: Mwaka ule wa tangazo la dharura tuliambiwa tusichaji kabisa. Ikitokea tena?

Jibu: Unazungumzia tarehe 13 Januari 2024, jioni, simu zote zilipolia mkoa mzima. Umeme wa Alberta ulikuwa umebanwa, tukaombwa kuzima visivyo vya lazima na kuahirisha kuchaji magari. Watu walitii na mzigo ukapungua haraka. Tangu hapo ushauri wangu ni mmoja: siku za baridi kali, usichaji kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku. Weka saa ya gari ianze baada ya saa nne usiku. Wiki ileile Chicago, Tesla zilipanga foleni ndefu kwenye Supercharger (chaja za kasi za Tesla) na nyingine zikaishiwa kabisa zikisubiri. Gari linaposubiri kwenye foleni betri inapoa, basi acha ramani ikiwa imeelekezwa kwenye chaja mpaka zamu yako ifike, ukiwa na chaji ya kutosha.

Limuru, Kenya: Sisi huku Julai baridi ni nyuzi kumi hivi. Nina gari la BYD. Nahitaji haya yote?

Jibu: Hapana, boss. BYD nyingi hutumia betri za fosfati ya chuma na lithiamu, ambazo baridi huzisumbua kuliko aina nyingine, kwa hiyo asubuhi ya Limuru unaweza kuona dakika za kwanza zikienda taratibu. Ukishaendesha mpaka Nairobi shida imekwisha.

Calgary: Mimi nilifuata hatua zote, betri ina moto, bado napata kilowati 70 kwenye Supercharger.

Jibu: Angalia namba ya nguzo ya chaja. Kwenye Supercharger za kizazi cha pili, zile za kilowati 150, nguzo A na B zenye namba moja hugawana umeme. Kama 3A ina gari, wewe usichomeke 3B wakati 5A na 5B zote ziko wazi. Pia angalia asilimia: ukifika na 60, hakuna joto litakalokupa kasi.

Muscat: Assalaam alaykum. Kwetu Juni ni nyuzi 45. Ramani itapasha betri hata hapa?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwako kazi inageuka: gari lenye mfumo wa kimiminika litaipoza betri, maana moto ukizidi nao kompyuta hubana umeme. Endelea kuandika chaja kwenye ramani, egesha kivulini ukipata, na uchaji usiku au alfajiri. Feni na kompresa zikinguruma wakati gari limechomekwa, usishtuke, zinafanya kazi yake. Kwenye kiangazi cha Muscat usiliache limejaa asilimia 100 juani siku nzima.